Sayansi ya Kunyatia: Kutoonekana Mkomazi na Katika Michezo ya Kompyuta

Kunyatia ni kukiendea kitu hatua kwa hatua, kimyakimya, hata mwenye kuendewa asitambue mpaka wakati wa kukimbia umekwisha kumpita. Chui humnyatia swala, paka humnyatia panya, na fisi hulinyatia zizi la mbuzi. Wanafunzi wengi wa siku hizi wanajua namna nyingine tena ya kunyatia, nayo ni ile ya michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia mtandao. Humo mchezaji hujivika umbo la mwizi au mpelelezi wa nchi ya kubuni, akapita mbele ya walinzi wenye silaha bila kuonekana. Walimu wengi huihesabu michezo hiyo kuwa ni upotezaji wa wakati. Huenda wana haki. Lakini hesabu iliyomo ndani yake ni ileile inayoamua kama mbuzi wa mtu ataiona asubuhi, na kwa hiyo inastahili kufundishwa darasani.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi kiumbe kinavyoweza kuwa mbele ya macho na bado kisionekane. Mifano mingi tutaitoa katika Wilaya ya Same. Mji wa Same umo chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na kilometa chache kutoka hapo liko lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, nayo imepakana na Tsavo Magharibi ya nchini Kenya. (Jina lenyewe, kwa Kipare, husemwa kuwa ni kijiko cha maji, na mtu aliyewahi kupita huko wakati wa kiangazi ataelewa kwa nini si ndoo.) Ni nchi ya nyika, yenye migunga na vichaka vya miiba, na wafugaji wanaishi mpakani mwake.

Pande tatu za mficho

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mficho si sifa ya mwenye kujificha peke yake. Hakuna rangi ambayo ni ya kuficha kwa yenyewe, kama ambavyo hakuna kitu kilicho kikubwa bila kulinganishwa na kingine. Mficho ni uhusiano wa pande tatu: yule anayejificha, mandhari iliyo nyuma yake, na mtazamaji. Ukibadilisha upande mmoja tu, mficho unaweza kuvunjika pale pale.

Tuanze na mtazamaji, maana ndiye husahauliwa. Binadamu, kama nyani na mbega, ana aina tatu za seli za kupokea rangi katika retina ya jicho. Simba, chui, swala na mbuzi wanazo aina mbili tu. Ndiyo kusema kwamba tofauti ya wekundu na kijani, ambayo kwetu ni dhahiri kama moto, kwao ni hafifu mno. Manyoya ya chui yaliyo ya manjano ya udongo hutushangaza tunapoyaona katikati ya majani mabichi, tukajiuliza mnyama huyu anajificha vipi. Jibu ni kwamba hajifichi kwetu. Kwa macho ya swala, manyoya yale na majani yale yanakaribia kuwa rangi moja, na madoa meusi yanavunjavunja umbo la mwili hata lisipatikane pale lianzapo na pale liishiapo.

Pundamilia ni mfano mwingine. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilifundisha kwamba milia yake ni ya kumficha. Mwaka 2016 watafiti wa Kanada na Marekani walipima picha za pundamilia kwa kuzingatia uwezo wa macho ya simba na fisi, wakakuta kwamba mchana, umbali ukizidi mita 50 hivi, wanyama hao hawawezi tena kuitenga milia. Wakati wa magharibi umbali huo hupungua kuwa mita 30. Kwa mbali huko pundamilia ni mnyama wa kijivu tu. Milia haiwezi kumficha mtu asiyeiona. Ushahidi uliokusanywa tangu mwaka 2014 unaelekea zaidi upande wa nzi wanaouma, ambao hupata taabu kutua juu ya milia. Mwenye mistari inayomfaa kwa kujificha ni tandala mdogo, ambaye Mkomazi wapo: mistari yake ni michache na myembamba, naye hukaa ndani ya kichaka, akasimama tuli, na mistari ile ikachanganyika na vijiti na miale ya jua.

Upande wa mandhari tunaujua vizuri kwa sababu ya ndege aitwaye kirukanjia, au mpasuasanda, yule anayelala chini mchana na kuonekana barabarani usiku machoni mwake mkiwaka taa ya gari. Hajengi tundu, hutaga juu ya ardhi tupu. Utafiti uliofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mayai na ndege waliofanana zaidi na ardhi waliyokalia waliokoka zaidi. Mwaka uliofuata watafiti hao wakaongeza jambo la ajabu: kila ndege mmoja mmoja huchagua mahali panapofanana na rangi yake mwenyewe, si ya jamii yake kwa jumla. Anafahamuje rangi ya mgongo wake? Swali hilo nawaachia wanafunzi walijadili.

Yafaa pia kusema neno juu ya kinyonga, kwa kuwa kila mada hii inapofundishwa hutajwa wa kwanza. Katika misitu yenye unyevu ya Upare ya Kusini, juu kuelekea kilele cha Shengena, vinyonga wapo, na watu wengi huwaogopa na hata kuwaua, ingawa hawana sumu wala madhara yoyote. Husemwa kwamba kinyonga huiga rangi ya kitu chochote anachowekwa juu yake. Hivyo sivyo. Rangi hubadilika hasa kwa ajili ya kuwasiliana na vinyonga wenzake, na kwa ajili ya kupata au kupunguza joto la jua. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walieleza kwamba kazi hiyo hufanywa kwa kubadilisha nafasi baina ya vipande vidogo mno vya fuwele vilivyomo ngozini. Kinachomficha kinyonga ni rangi yake ya kawaida, umbo lililo bapa kama jani, na mwendo wake wa kusitasita. Usiku akilala kwenye ncha ya tawi hupauka, na mwenye tochi humwona upesi kuliko mchana.

Mwendo ndio msaliti mkubwa. Jicho la mnyama anayewindwa limeumbwa kunasa kitu kinachotikisika hata pembeni kabisa. Mtazame mbuzi: mboni yake ni mstari uliolala, si duara. Mboni ya namna hiyo humpa upeo mpana wa kuutazama mstari wa ardhi, mahali adui atakapotokea. Watafiti waliochunguza jambo hili mwaka 2015 waliona kwamba mbuzi anapoinamisha kichwa kula, jicho huzunguka ndani ya tundu lake kwa digrii 50 au zaidi, ili mboni ibaki sambamba na ardhi. Kwa hiyo mbuzi anayekula bado yuko lindoni. Chui naye hujibu hila hiyo kwa kutulia kama jiwe kila windo linapoinua kichwa, akaendelea linapoinama tena.

Kete za mwizi

Sasa tuingie katika michezo. Aliyebuni mchezo hapana budi aandike kwa tarakimu yale ambayo katika nyika hutendeka bila kuandikwa, na hapo ndipo faida yake kwa mwalimu ilipo.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, unaochezwa mezani kwa karatasi, penseli na kete. Mwaka uliofuata, katika kitabu cha nyongeza, aliongezwa mwizi, naye akapewa asilimia mbili tofauti: moja ya kujificha kivulini, na nyingine ya kutembea bila kishindo. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara, maana nuru na sauti ni njia mbili za habari, na anayeziba moja hajaziba ya pili. Michezo ya mtandaoni iliurithi. Katika Ultima Online ya mwaka 1997, kujificha ukiwa umesimama ni ujuzi mmoja, na kutembea ukiwa umejificha ni ujuzi mwingine unaoujengea ule wa kwanza. Katika World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, anayenyatia hupunguziwa mwendo, na uwezekano wa kugunduliwa hutegemea umbali, tofauti ya viwango baina yake na mlinzi, na upande anaoelekea mlinzi. Akishambulia, mficho humwondoka.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme katika kila hatua mnyatiaji ana uwezekano wa 0.95 wa kutogunduliwa, na kila hatua ni bahati yake yenyewe, haitegemei nyingine. Asilimia 95 yaonekana kuwa ulinzi wa kutosha. Lakini ili afike salama baada ya hatua 20, hapana budi afaulu mara zote 20, yaani 0.95 kwa kipeo cha 20, ambayo ni kama 0.36. Hatua 40 zikihitajika, jibu ni kama 0.13. Sasa mpe uwezekano wa 0.99 kwa hatua: baada ya hatua 40 anabakiwa na kama 0.67. Nyongeza ndogo ya asilimia 4 katika kila hatua imekuza mafanikio zaidi ya mara tano! Hapo mwanafunzi ataona kwa nini chui hatumii hatua nyingi penye uwazi, kwa nini huanzia kichakani karibu na njia ya maji, na kwa nini huweka mguu mmoja chini kwa muda mrefu kabla ya kuinua mwingine.

Liko jambo jingine ambalo ni la michezo ya mtandaoni pekee, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye mafunzo kuliko yote. Kompyuta kuu iendeshayo mchezo, iitwayo seva, inajua mahali alipo kila mchezaji. Swali ni hili: mchezaji aliyejificha, je, seva ipeleke habari zake kwenye kompyuta ya mpinzani pamoja na amri ya kutomchora, au isizipeleke kabisa? Njia ya kwanza ni rahisi na ya haraka. Walakini, mpinzani mwenye programu iliyochezewa ataisoma habari ile kabla haijafichwa, na atamwona mwizi waziwazi kama mchana. Njia iliyo salama ni ya pili: kile ambacho hakikutumwa hakiwezi kunaswa. Naam, chui anafanya hivyo hivyo. Nyayo zake laini hazizuii sikio la swala kusikia. Zinaizuia sauti isitoke.

Sauti na harufu

Nguvu ya sauti katika eneo wazi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kijiti kilichovunjika mita 40 kutoka kwa swala kikivunjika tena mita 10 kutoka kwake, nguvu inayofika sikioni ni mara 16 ya ile ya kwanza. Ndiyo maana nusu ya mwisho ya safari ni ya hatari zaidi kuliko nusu ya kwanza. Hesabu yetu ya kete ilirahisisha mambo kwa kudhani kwamba kila hatua ina uwezekano uleule. Aidha, nyika ya Same wakati wa kiangazi huwa imejaa majani makavu ambayo hulia yakikanyagwa, na mvua zikinyesha majani hayo hulowa na kunyamaza, huku manyasi yakirefuka. Majira yaliyo mema kwa malisho ni mema pia kwa anayenyatia.

Harufu hufuata upepo, na mahali penye milima upepo una ratiba. Mchana miteremko hupata joto, hewa ikapanda. Usiku hupoa, hewa nzito ikatelemka bondeni. Zizi lililojengwa chini ya mteremko, usiku unapokuwa shwari, huenda likawa linapeleka habari zake nyikani saa zote. Juu ya simba na upepo, George Schaller, aliyewachunguza huko Serengeti katika miaka ya 1960, aliona kwamba walifaulu zaidi walipowinda dhidi ya upepo, lakini hakuona dalili kwamba simba wanachagua upande huo kwa makusudi. Wawindaji wetu wa kale walikuwa waangalifu zaidi kuliko simba.

Mwezi na saa za hatari

Kati ya mwaka 1988 na 2009 simba waliwashambulia watu zaidi ya 1,000 nchini Tanzania, hasa katika maeneo ya kusini-mashariki. Craig Packer na wenzake waliyalinganisha mashambulio hayo na kalenda ya mwezi, na matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2011, yanafaa yajulikane na kila mtu aishiye karibu na hifadhi. Mashambulio mengi yalitokea saa za kwanza za usiku, na yalikuwa mengi zaidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu kuliko siku kumi zinazoutangulia.

Sababu iko angani. Kabla ya mwezi mpevu, jua linapotua mwezi umekwisha kuwa juu, na watu hutembea katika mwanga wake. Siku ya mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati wa kutua jua. Baada ya hapo huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku. Tukichukua kwamba Same jua hutua kama saa 12 na nusu jioni, basi siku ya tano baada ya mwezi mpevu utachomoza karibu saa 4 na dakika 40 usiku. Kuna saa nne hivi za giza tupu, na ndizo saa ambazo watu bado wako njiani na watoto bado wanakusanya mbuzi. Zaidi ya hayo, simba hupata chakula kidogo siku za mwangaza, kwa hiyo giza linaporudi huwa ana njaa. Kumbe mwezi mpevu, ambao watu huupenda kwa mwanga wake, ni tangazo la siku zinazokuja.

Kizingiti cha mlinzi

Mlinzi naye ana tatizo la hesabu. Wahandisi wa rada walilikuta wakati wa Vita Kuu ya Pili: doa dogo kwenye kioo, je, ni ndege ya adui au ni wingu? Akiwa mwepesi wa kupiga kengele, ataamsha watu bure. Akiwa mzito, ataiacha ndege ipite. Hakuna kizingiti kinachoondoa makosa yote mawili. Ukipunguza moja unaongeza la pili. Mbwa wa zizi anayebweka kila jani linapoanguka mwishowe hasikilizwi na mtu. Swala anayekimbia kila kichaka kinapotikisika atakufa njaa. Mnyatiaji hufanya kazi yake ndani ya nafasi hiyo: hahitaji kutoonekana kabisa, yatosha abaki chini ya kizingiti.

Na akivuka kizingiti? Mbawala akimwona chui hakimbii kila mara. Mara nyingi hubweka akimkabili uso kwa uso, na chui huondoka. Habari iliyopelekwa hapo ni fupi: nimekuona. Kwa mwindaji ategemeaye ghafla, windo lililomwona halina faida tena.

Juu ya jambo hilo palifanyika jaribio nchini Botswana, kandokando ya Okavango, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2020. Kwa miaka minne watafiti walishirikiana na wafugaji kuchora macho makubwa mawili kwenye matako ya baadhi ya ng'ombe, wengine wakachorwa alama ya msalaba, wengine wakaachwa. Kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuuawa hata mmoja na simba wala chui. Kati ya 543 wenye msalaba waliuawa 4, na kati ya 835 wasiochorwa waliuawa 15. Rangi, brashi na nusu saa ya kazi! Hata hivyo mfugaji wa Same asiharakishe kuvunja zizi lake. Jaribio hilo lilihusu wanyama wanaovizia, malishoni. Mbwa mwitu, ambao Mkomazi wanatunzwa na kuzalishwa, hawanyatii sana. Wao hukimbiza windo hadharani mpaka lichoke, na jicho la kuchorwa haliwezi kumvunja moyo anayejua kwamba ameonwa. Kwa usiku bado uzio ndio wenye nguvu. Katika wilaya ya jirani ya Simanjiro wafugaji wengi wamefunga waya kwenye miti hai ya kommifora iliyopandwa kuzunguka zizi, hata zizi likakua badala ya kuoza.

Mazoezi

1. Mchezaji ana uwezekano wa 0.9 wa kutogunduliwa katika kila hatua. Baada ya hatua ngapi uwezekano wa kuwa hajagunduliwa utashuka chini ya nusu? Rudia kwa 0.98, kisha chora grafu ya zote mbili kwenye karatasi moja.

2. Tafuta tarehe ya mwezi mpevu ujao. Kwa siku kumi zinazofuata andika saa ya kutua jua na saa ya kuchomoza mwezi kwa kutazama mwenyewe, ukiwa uani pamoja na watu wengine. Saa za giza zinaongezeka kwa kiasi gani kila siku? Kumbuka kwamba mlima ulio upande wa mashariki utachelewesha mwezi kuonekana; eleza jinsi ya kusahihisha kosa hilo.

3. Mtazame mbuzi akiwa ameinua kichwa, kisha akila chini. Pima kwa kukisia pembe baina ya mstari wa mboni na ardhi katika hali zote mbili. Fanya vivyo hivyo kwa paka wakati wa jua kali, na ueleze kwa nini mboni zao hazifanani.